Si Mbaya, Iko Mbali: Historia Fupi ya Mashine za Kijerumani Kwenye Ziwa Letu



Waliohudhuria mkutano mkuu uliopita wanakumbuka jinsi kikao kilivyochangamka tulipofika kwenye "mengineyo". Ilisomwa barua ya ndugu yetu mmoja anayeishi Ubelgiji. Ana gari dogo, Volkswagen Bora ya mazutu, milango minne, usukani kushoto kama barabara za kwetu zinavyotaka. Yuko tayari kulitoa bure kwa chama, na kulipia safari yake mpaka bandarini. Lengo lake ni zuri: tupate kupeleka wagonjwa na mama wajawazito hospitali ya Baraka bila kungoja gari la kuomba. Watu walipiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Kisha mwenyekiti akanigeukia: "Wewe si uliwahi kuwa na Bora? Basi tuandikie kitu kwenye gazeti kabla hatujamjibu."

Naandika, lakini sitaanza na gari langu. Nitaanza nyuma kidogo, maana sisi si watu wa kwanza kwenye ziwa hili kupokea mashine ya Kijerumani iliyokwisha kutumika. Waliotutangulia walifaulu mara nyingine na kushindwa mara nyingine, na sababu zao zinatuhusu.

Meli iliyokuja na mafundi wake

Mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Wajerumani waliunda meli ya chuma kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Waliiunganisha, wakaifungua tena kipande kwa kipande, wakavitia vipande hivyo katika masanduku kama 5,000. Masanduku yalipanda meli mpaka Dar es Salaam, kisha reli mpaka Kigoma. Huko vipande viliunganishwa upya, na Februari 1915 meli ikateremshwa majini kwa jina la Graf von Goetzen, aliyekuwa gavana wao.

Tuangalie jambo moja hapo. Meli haikuja peke yake. Iliandamana na mafundi watatu kutoka kiwanda kile kile kilichoiunda, na pale Kigoma palikuwa na reli ya kuleta kitakachopungua. Mashine, fundi na njia ya vipuri vilifika pamoja.

Vita Kuu ilikuwa imeshafika ziwani. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanauacha mji wa Kigoma, waliizamisha meli yao wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito, kama mtu anayefunika chakula akijua atarudi. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa. Mei 1927 ilianza kazi tena ikiwa na jina jipya, Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za mazutu. Katika miaka ya 1990 ilitengenezwa tena kwa msaada wa Denmark.

Na hapa historia inaingia nyumbani kwetu. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, UNHCR iliikodi Liemba kurudisha wakimbizi. Kwa miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikabeba watu zaidi ya 75,000. Baadhi yenu mnaosoma mlikuwa ndani yake, na mabati yenu, na kuku wenu. Mashine iliyokuwa na umri wa miaka 80 na zaidi, iliyozama mara mbili, ndiyo iliyowaleta nyumbani. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kitu kuukuu ni kibaya kwa sababu ni kuukuu. Liemba iliishi kwa sababu kila kizazi kulikuwa na mtu wa kulipa matengenezo na karakana ya kuyafanyia.

Kobe

Gari dogo la Kijerumani ambalo wazee wetu walilijua ni Volkswagen ile ya mgongo wa duara. Wafaransa na Wabelgiji waliita Coccinelle. Kwa Kiswahili wengi waliita kobe. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally. Kobe ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Njia zenyewe zilikuwa kama za kwetu: matope, mawe, vumbi, madaraja ya mashaka.

Kwa nini gari dogo liliwashinda wakubwa? Halikuwa na nguvu nyingi. Lakini injini yake ilipozwa na upepo, kwa hiyo halikuwa na radiateri ya kutoboka wala maji ya kuchemka. Injini ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo lilipanda utelezi. Tumbo lake lilikuwa bapa, likaweza kuteleza juu ya matope. Na injini nzima ilishikwa na bolti nne tu. Fundi na msaidizi wake waliweza kuitoa chini ya mwembe na kuirudisha siku ileile. Tena kobe hazikubadilika sana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kipuri cha gari lililokufa kilifaa gari lililo hai.

Nitaje na gari moja ambalo si la Kijerumani, kwa sababu linatufundisha kuhusu mitumba. Mwaka 1965 Safari Rally ilishindwa na Joginder Singh wa Kenya pamoja na ndugu yake Jaswant, wakiendesha Volvo iliyokuwa imeshatumika na timu nyingine katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Magari mapya ya viwanda yaliachwa nyuma na gari la mkono wa pili. Lakini Joginder alikuwa fundi wa gereji kabla ya kuwa dereva. Alilijua gari lile ndani kama mama anavyojua jiko lake. Kununua kitu kilichotumika ni kununua pia historia ya matumizi yake, na mwenye kuisoma historia hiyo ni fundi.

Mwaka ambao vipuri vilikatika

Enzi za Wabelgiji na miaka ya kwanza ya uhuru, mtu wa Kivu mwenye gari aliweza kupata vipuri kwa wafanyabiashara wa mijini, Wagiriki, Wahindi, Wabelgiji. Fizi na Baraka zilikuwa mbali na maduka hayo, tena tangu 1964 tulikuwa tumeshaonja vita, lakini mnyororo ulikuwepo: agizo linaenda, kipuri kinakuja.

Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zinapewa Wazaire. Wazo lilikuwa na haki ndani yake, kwa sababu nchi ilikuwa yetu na maduka hayakuwa yetu. Lakini waliopewa maduka wengi wao walikuwa wakubwa wa chama na jamaa zao. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu ilipokwisha hawakuwa na mtu wa kumwandikia barua ya kuagiza. Muda si mrefu bei ya shaba ikaanguka, na fedha za kigeni zikawa adimu. Mwaka 1976 serikali ilijaribu kurudisha biashara kwa wenyewe, lakini wengi walikuwa wamekwenda zao.

Mzee mmoja fundi wa hapa Baraka, aliyejifunza kazi kwenye kobe, aliwahi kunieleza kipindi hicho kwa maneno machache. Alisema magari hayakufa kwa ajali. Yalikufa yamesimama. Gari lilikosa kitu kidogo cha thamani ya kuku, likasimama uani likingoja, mwaka ukapita, mtu akatoa taa, mwingine akatoa kiti, watoto wakalifanya nyumba.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998, na sisi tukavuka ziwa. Waliobaki na gari lililokuwa zima walinyang'anywa. Madaraja yakaenda, gereji zikaenda, na mafundi wakaenda nasi kambini, Nyarugusu na Lugufu, wakatengeneza baiskeli.

Tuliporudi tulikuta nini

Kuanzia Oktoba 2005 meli za kurudisha wakimbizi zilikuwa zinatoka Kigoma moja kwa moja mpaka Baraka. Mimi nilishuka mwaka uliofuata, nikiwa kijana wa miaka 18. Barabara ya taifa namba 5 kutoka Uvira, kilomita kama 90, kupitia Makobola, Mboko, Nundu na Lusenda, ilikuwa ni mashimo yaliyounganishwa na mashimo. Magari tuliyoyaona yalikuwa Land Cruiser za mashirika na malori ya biashara. Baadaye pikipiki zikajaa, na motari akawa ndiye gari la wagonjwa la maskini.

Tangu hapo soko limejipanga lenyewe, bila mtu kulipanga. Kuna Toyota nyingi, kwa hiyo kuna vipuri vya Toyota, kwa hiyo watu wananunua Toyota. Kuna pikipiki nyingi, kwa hiyo kila senta ina kibanda chenye mnyororo, bujia na taya za breki. Mduara huo ukikubeba unakubeba kweli. Ukiwa nje yake, uko peke yako.

Sasa niseme wazi, kwa sababu nafanya kazi katika shirika na wenzangu watasoma hapa. Sisi wa mashirika tunaonekana tunaendesha magari magumu barabara ngumu. Siri yetu si gari. Tuna bajeti ya matengenezo iliyoandikwa kabla gari halijafika, tuna fundi wa mshahara, na kipuri kinaagizwa kabla cha zamani hakijavunjika. Mwanakijiji anaona Land Cruiser, haoni mstari wa bajeti.

Daftari la Bora yangu

Nilinunua Bora yangu Uvira kwa dola 2,600. Ilitengenezwa 2001, injini ya mazutu. Nilivutwa na bei, na nikiri, nilivutwa na jina. Wajerumani walilipa jina la upepo wa baridi unaovuma kwenye Bahari ya Adriatiki, hawakujua sisi tungesoma nini. Rangi ilikuwa bado inang'aa. Ulaya waliacha kuuza gari lenye jina hilo mwaka 2005, mwaka uleule meli ya kwanza ilipotia nanga Baraka, lakini wakati nanunua sikufikiri hesabu hiyo ina maana yoyote.

Kwenye lami ya Uvira lilikuwa gari la raha. Mazutu lilikunywa kidogo mno, kuliko gari lolote nililowahi kuendesha. Hilo silifichi. Nililiendesha kati ya Uvira, Baraka na Fizi kwa miezi 14. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi niliandika kila kitu:

Amotisere nne: dola 280.
Rotili na mipira ya miguu ya mbele: 190.
Karteri ya oili, mara ya kwanza kuchomelewa, mara ya pili kubadilishwa: 190.
Pompi ya mazutu: 420.
Mkanda wa taimingi pamoja na pompi ya maji: 230.
Matairi manne: 320.
Safari za kufuata vipuri Uvira na Bujumbura, na gharama za mpakani: 265.

Jumla ni dola 1,895. Yaani karibu robo tatu ya bei niliyonunulia, na hapo sijahesabu mazutu, asiransi, plaki, wala vizuizi vya njiani.

Nieleze mambo matatu katika orodha hiyo, kwa sababu yatairudia Bora yoyote itakayokuja kwetu. La kwanza ni karteri. Gari hili liko chini, na bakuli la oili liko chini ya injini, la aluminiamu. Jiwe moja la barabara ya Fizi linalipasua. Dereva asipotazama taa ya oili na kuzima haraka, injini inajiua ndani ya dakika chache. La pili ni pompi ya mazutu. Ilitengenezwa kwa mafuta safi ya Ulaya. Sisi tunanunua ya bidoni, yenye maji na mchanga. Chujio likichoka, uchafu unaingia pompini. La tatu ni mkanda wa taimingi. Huu hauonyeshi dalili. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na umekwisha. Ni lazima ubadilishwe kwa kuhesabu kilomita, na gari la mtumba haujui kilomita zake za kweli, maana kisomeo kinaweza kurudishwa nyuma.

Lakini fedha haikuniumiza kama siku. Katika miezi 14 gari lilisimama siku 131 likingoja vipuri. Fundi mmoja wa mjini, simtaji, aliniuzia pompi ya injini nyingine, akasema zinafanana. Hazikufanana. Wiki tatu zikaenda hapo.

Na kuna siku moja ambayo haimo katika jumla. Jirani yangu wa Fizi alikuwa na binti mwenye homa kali, amezimia mara mbili. Walikuja kwangu usiku kwa sababu ndiye niliyekuwa na gari. Tuliteremka mlima, na kabla ya kufika Mutambala nikasikia mlio wa chuma chini, kisha taa nyekundu. Nilizima. Oili yote ilikuwa barabarani. Tulikaa gizani karibu saa moja na nusu, baba yake ananiambia "pole, mwanangu", mimi ndiye niliyestahili kumwambia. Akapita motari mwenye pikipiki kuukuu ya Kichina. Tulimfunga binti kwa kitenge kati ya motari na mama yake, wakaenda. Alipona, Mungu ni mwema. Lakini nilipobaki peke yangu na gari zuri lisilosogea, nilijiuliza nani kati yetu alikuwa na chombo bora.

Asubuhi yule mzee fundi alikuja akalala chini ya gari, akatoka, akajipangusa mikono. Nilimwambia kwa hasira, "Mzee, hii gari ni mbaya." Akakataa: "Hapana, mwanangu. Hii gari si mbaya. Iko mbali."

Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Gari lilikuwa hapo mbele yake, lakini karteri yake ilikuwa Bujumbura, kompyuta ya kusoma makosa yake ilikuwa mji mwingine, na fundi aliyeijua pompi yake alikuwa mahali nisipopajua. Kobe ya zamani ilikuwa ya Kijerumani vilevile, lakini ilikuwa karibu. Liemba ilikuwa karibu. Hata sasa Volkswagen inaunganisha magari Kigali, tangu 2018, lakini ni ya aina mpya, hayaileti Bora ya 2001 karibu nasi. Mwishowe niliuza langu dola 900 kwa mtu wa kulikata vipande.

Tumjibu nini ndugu yetu

Kwanza, tusimkatae kwa dharau. Mtu anayefanya kazi ugenini akakumbuka mgonjwa wa Fizi ametupa kitu kikubwa zaidi ya gari. Tumwandikie ukweli, yeye ni mwenzetu, ataelewa. Naweka mbele yenu njia tatu.

Ya kwanza: tumwombe aliuze gari hukohuko na kututumia fedha, pamoja na zile ambazo angelipia usafiri. Kwa fedha hizo tutafute pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda cha mgonjwa, ya aina ambayo vipuri vyake viko sokoni Baraka. Haina heshima ya sedani, lakini iko karibu.

Ya pili: kama wanachama wanataka gari, basi lije kama Goetzen lilivyokuja, na masanduku yake. Mkanda wa taimingi mpya na pompi ya maji, machujio ya mazutu ya miaka miwili, amotisere, rotili, na bamba la chuma la kukinga karteri. Na kijana wetu mmoja apelekwe kujifunza injini ile, kabla gari halijafika.

Ya tatu: kwa chombo chochote tutakachochagua, tufungue mfuko wa matengenezo siku ileile. Kwa kipimo cha daftari langu, chama kinachopokea Bora ya bure kiwe tayari na dola 1,600 hivi kwa mwaka. Kama hatuna, basi hatujapewa gari, tumepewa deni lenye rangi nzuri.

Kwenu wafadhili nina neno moja, kwa upendo. Ni rahisi kupata mtu wa kutoa chombo, kwa sababu chombo kinapigwa picha. Sijawahi kuona picha ya mfadhili ameshika chujio la mazutu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu mara nyingi ni wa dola 20. Mkitaka kutusaidia na mgonjwa afike, changieni mfuko huo.

Binti yule wa Fizi sasa anasoma sekondari. Nikimkuta njiani ananiuliza kwa utani, "Gari yako iko wapi, yaya?" Namjibu iko mbali.

Kura itapigwa mkutano ujao. Daftari langu ninalo bado, pamoja na risiti zake zote, na nitakuja nalo ili anayetaka kuhesabu mwenyewe ahesabu.